Ufunguo Umefungiwa Ndani

Kioo cha laptopu kimegeuka bluu. Maandishi meupe yanapanda haraka kuliko jicho linavyoweza kuyafuata, kisha yanatulia. Kati ya mistari yote hiyo, mmoja ndio wenye habari mbaya: iwm0: could not read firmware iwm-8265-36 (error 2). Kadi ya waifai imeonekana. Draiva yake ipo na imeamka. Kinachokosekana ni faili moja ambalo kadi hulishwa kila inapoamshwa, na bila hilo haiwezi hata kuorodhesha mitandao iliyo jirani. Kosa namba 2, katika mifumo ya ukoo wa Unix, maana yake ni kwamba faili lililotafutwa halipo. Faili lenyewe liko kwenye intaneti, na intaneti ya hapo hupatikana kwa waifai.

Nyumba imefungwa, ufunguo uko ndani.

Laptopu hiyo ni Lenovo ThinkPad X270 ya mwaka 2017, mtumba. Mfumo endeshi uliomo ni OpenBSD, ulioanzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt wa Calgary, Kanada, baada ya kutengana na wenzake wa NetBSD. Hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na wanaouandika ni wachache mno ukiwalinganisha na jeshi la Linux, sembuse la Windows. Kwa mfumo wa ukubwa huo, draiva ndiyo roho. Kila kifaa ndani ya kasha, kuanzia kadi ya waifai hadi kamera na pedi ya kuongozea mshale, kinahitaji programu ndogo inayoijua lugha yake. Watengenezaji huandika programu hiyo kwa ajili ya Windows kwanza, kwa Linux wakipenda, na wengine hubaki kujitafutia.

Je, ni haki wajitafutie? Mjadala huu unawaketisha watu wanne kwenye benchi moja, mbele ya kibanda cha fundi wa kompyuta Kariakoo. Yupo fundi mwenyewe. Yupo binti anayesoma kompyuta chuoni, mwenye laptopu. Yupo mwalimu aliyewahi kumfundisha somo la mitandao. Na yupo mama mwenye duka la vifaa vya ofisi mlango wa pili, aliyekuja kuulizia printa yake akajikuta amekaa. Majina yao hayatajwi, kwa kuwa hoja wanazozibeba ni za watu wengi.

Fundi ndiye wa kwanza. "Mdogo wangu, mimi sina ugomvi na mfumo wako," anasema akiifuta kibodi kwa brashi. "Ila mfumo usiojua kushika waifai ni kama daladala isiyo na usukani. Nipe nusu saa, nakupigia Windows, unaondoka."

"Windows ipi, fundi?" binti anauliza. "Ya 10 imeshazikwa. Ya 11 haiitaki mashine hii."

Hapo binti ana ukweli wake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, huanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane, ukiacha chache zilizosamehewa, na X270 zina za kizazi cha sita au cha saba. Maofisi ya ng'ambo yanapobadilisha vifaa, laptopu za aina hii hushuka bei na kuingia kwenye soko la mitumba zikiwa bado imara: betri ya akiba ndani, kibodi isiyochoka, bawaba za chuma. Anayenunua mashine kama hiyo sasa ana sababu ya kuangalia mifumo mingine. Atakayoyakuta huko ndiyo yanayojadiliwa hapa.

Fundi hakati tamaa. "Basi Linux. Linux waifai inashika yenyewe."

"Inashika, ndiyo," mwalimu anaingilia. "Ila kwanza tujue huyu mgonjwa anaumwa nini. Mwanangu, hebu nisomee tena huo mstari. Umesema draiva haipo?"

"Hapana, mwalimu. Umesema famwea, lile faili la kadi, haikusomeka."

"Hayo ni magonjwa mawili. Ukiyachanganya utakesha."

Mwalimu anageuza laptopu kila mtu aione. Anaandika dmesg, amri inayorudisha yale maandishi meupe ya wakati wa kuwaka, kisha anapitisha kidole kwenye mistari. Kila kifaa kilichopata draiva kina jina fupi na namba: em0 ni tundu la kebo ya mtandao, azalia0 ni sauti, inteldrm0 ni picha, iwm0 ni waifai. Kifaa kilichokosa draiva hakina jina la namna hiyo. Mstari wake huishia na maneno not configured, yaani kimeonekana lakini hakuna anayekijua. Huo ndio ugonjwa wa kwanza, na tiba yake ni mtu mahali fulani kukaa miezi akiandika draiva. Ugonjwa wa pili, ulioko mezani, tiba yake ni faili moja.

Mwalimu anaandika tena, pcidump -v, na kwenye orodha ndefu anasimama penye namba mbili: 8086 na 24fd.

"Hizo nazijua!" Fundi ameweka brashi chini. "Ile VEN na DEV ya Windows. Kifaa kikileta alama ya njano, naingia kwenye sifa zake, nachukua hizo namba, naenda kutafutia draiva."

Ndizo hizo hizo. Kila kifaa kinachochomekwa kwenye njia ya PCI hubeba namba ya mtengenezaji na namba ya aina, na hazibadiliki kwa kubadili mfumo. Intel ilijichukulia 8086, jina la prosesa yake ya mwaka 1978. Realtek ni 10ec, Broadcom ni 14e4, NVIDIA ni 10de. Jina lililoandikwa kwenye kasha la laptopu linaweza kumdanganya mnunuzi, maana laptopu mbili za modeli moja huweza kuwa na kadi tofauti za waifai. Namba hizi hazidanganyi. Fundi wa Kariakoo aliyezoea VEN na DEV ana nusu ya elimu inayohitajika kwenye mfumo wowote duniani, na inasikitisha kwamba hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Sawa," fundi anasema. "Draiva ipo, faili halipo. Kwa nini wasiliweke tu humo humo kwenye flashi ya kusetia?"

Swali hilo ndilo linaloufungua mjadala wenyewe. Waandishi wa OpenBSD wamelijibu katika ukurasa wa maelezo unaokuja na draiva ya iwm: Intel haitoi haki ya kusambaza faili hizo bila masharti ya kimkataba, kwa hiyo draiva imo ndani ya mfumo na famwea inabaki nje, mtumiaji aifuate mwenyewe. Ipo amri kwa kazi hiyo, fw_update, na mfumo huiita wenyewe mara ya kwanza unapowaka. Isipokuta mtandao, inarudi mikono mitupu.

"Kwa hiyo ni ukaidi," fundi anasema. "Wengine wote wanaliweka faili hilo, hawa hawataki kwa sababu ya karatasi."

Binti anawatetea kwa ukali wa mtu aliyejifunza jambo karibuni na kulipenda. Anasema karatasi ndiyo kila kitu. Mfumo unaokubali leo faili lenye masharti, kesho utakubali draiva nzima iliyofungwa, isiyosomeka na yeyote, inayokaa ndani ya keneli, kiini cha mfumo, ikiwa na mamlaka yote. Ikiharibika, nani ataitengeneza? Ikiwa na mlango wa nyuma, nani atauona? Wenyewe huita draiva ya namna hiyo blobu, na OpenBSD wameipiga marufuku. Toleo la 3.9 la mwaka 2006 lilitoka na wimbo mzima wa kuipinga.

Fundi anacheka kidogo, kisha anamrudia kwa hoja ambayo wengi wanaoutetea mfumo huu hujikwaa nayo. "Na hilo faili unalolitafuta, unaweza kulisoma?"

"Hapana."

"Nani anajua limebeba nini?"

"Intel."

"Basi nalo ni blobu, mdogo wangu. Umeikataa mlangoni ukaipitisha dirishani."

Binti ananyamaza. Mwalimu anamsaidia, bila kumpa ushindi wote. Tofauti, anaeleza, ni mahali programu inapoendeshwa. Draiva iliyofungwa huendeshwa na prosesa kuu, ndani ya keneli, na hakuna ukuta kati yake na nyaraka za mtu. Famwea huendeshwa na kijiprosesa kilichomo ndani ya kadi yenyewe, na mfumo huzungumza nayo kwa ujumbe kupitia draiva inayosomeka. OpenBSD wamechora mstari wao hapo. Wapo wanaouchora mbali zaidi: keneli ya Linux-libre imeondolewa hata famwea zisizo huru, na matokeo yake kadi nyingi za waifai za sasa hazifanyi kazi kabisa chini yake.

Mstari wa OpenBSD ni wa busara, lakini usichukuliwe kuwa ukuta wa zege. Mwaka 2017 mtafiti Gal Beniamini wa Google Project Zero alionyesha jinsi ya kuiteka famwea ya chipu za waifai za Broadcom kwa mawimbi tu, na kutoka hapo kuingia kwenye keneli ya simu. Mwaka huo huo Nitay Artenstein alitangaza udhaifu mwingine wa chipu za Broadcom aliouita Broadpwn. Kijiprosesa ndani ya kadi ni kompyuta kamili yenye makosa yake, na mwenye simu hana namna ya kuyakagua. Kwa hiyo fundi, aliyeanza kwa kutetea njia ya mkato, ndiye aliyetia kidole kwenye kidonda.

"Mnisamehe," mama anasema. Amekuwa kimya muda wote, mkoba mapajani. "Mimi sijui blobu. Nina printa. Nilipobadilishiwa kompyuta ile ya dukani, ikakataa kuchapa. Nimeambiwa haina draiva. Printa haijaharibika, wino upo, karatasi ipo. Pesa nilitoa mimi. Iweje mwenye kiwanda ndiye anaamua printa yangu izungumze na nani?"

Mwalimu anamtazama kwa heshima, maana mama ameuliza, kwa maneno yake mwenyewe, swali lililoanzisha vuguvugu zima la programu huria. Mnamo mwaka 1980 maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa ya leza na Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama. Kwenye printa iliyotangulia, Richard Stallman alikuwa ameirekebisha programu ili iwaarifu watu karatasi inapokwama, wainuke kwenda kuinasua. Kwenye printa mpya hakuweza, kwa sababu msimbo wake haukutolewa; alipomfuata mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa kwa kuwa mtu yule alikuwa amesaini ahadi ya kutokuutoa. Mwezi Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU. Miaka zaidi ya 40 imepita, na mama wa Kariakoo amekaa na printa yake akiuliza lile lile.

"Mama, nitakujibu mimi," fundi anasema, na sauti yake imepoa. "Mwenye kiwanda anatengeneza kwa ajili ya walio wengi. Watu wa Windows ni bahari. Watu wa huu mfumo wa huyu binti ni kikombe. Ataajirije mtu wa kuwaandikia draiva?"

"Hajaombwa kuajiri mtu," binti anadakia. "Ameombwa karatasi."

Jibu hilo lina ushahidi. Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa keneli ya Linux, alizitangazia kampuni zote za vifaa kwamba yeye na wenzake wako tayari kuziandikia draiva bila malipo. Kampuni ilete tu maelezo ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi, au mhandisi mmoja wa kujibu maswali. Miaka mitatu kabla, mwaka 2004, Theo de Raadt aliongoza kampeni ya kuwaandikia watengenezaji wa chipu za waifai akidai maelezo na ruhusa ya kusambaza famwea. Ralink ya Taiwan ilikubali, na draiva yake ikaandikwa na Mfaransa Damien Bergamini. Kwa mwaka huo De Raadt alitunukiwa tuzo na Free Software Foundation, taasisi ya Stallman, ambaye hawapatani naye kwa mengi. Kwa chipu za Atheros ambazo maelezo hayakutolewa, Mjerumani Reyk Floeter alilazimika kuchunguza tabia ya kifaa hatua kwa hatua hadi akaandika safu huru ya kukiendesha. Draiva ikaingia kwenye toleo la 3.7, Mei 2005.

Mtu afikirie kazi hiyo: kutuma amri kwenye chipu, kungoja, kusoma ilichojibu, kubadili tarakimu moja, kutuma tena, usiku baada ya usiku, ili kujua jambo ambalo tayari limeandikwa kwenye kabrasha fulani ofisini. Hapa hakuna usawa wa hoja. Kukaa na kabrasha hilo huku kifaa kikiwa kimeshauzwa ni kuwatwisha watu mzigo usio na faida kwa yeyote, na mwenye kifaa ana haki ya kulidai.

Fundi, hata hivyo, hajamaliza, na alichobakiza ndicho kizito kuliko vyote. Anauliza mteja wake afanye nini leo. Anahesabu kwa vidole. Kiwango cha waifai cha 802.11ac kilipitishwa mwishoni mwa mwaka 2013. OpenBSD ilianza kukitumia kwenye kadi hizi za Intel katika toleo la 7.1, Aprili 2022. Miaka minane mteja anatembea wenzake wakikimbia. Bluetooth iliondolewa mwaka 2014 kwenye toleo la 5.6, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa umeachwa bila wa kuutunza, na haijarudi. Anayetaka spika za masikioni zisizo na waya hutafuta kidude cha USB kinachojitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya sauti. Kadi za picha za NVIDIA hazina draiva ya kuzitumia kwa nguvu zake. "Mwanafunzi atavumilia," anasema. "Mhasibu mwenye mkutano saa nne asubuhi hatavumilia, na akija hapa siwezi kumhubiria. Nitampigia Windows."

Hakuna anayempinga, na hakuna sababu ya kumpinga. Mtu mwenye kazi ya kesho hajakosa kwa kutaka mashine inayofanya kazi leo. Kosa la wapenzi wa mifumo midogo ni kumwambia mtu kama huyo kwamba tatizo ni uvivu wake wa kusoma.

"Kosa linaanzia kwenye kununua," mwalimu anasema. "Tunachagua laptopu kwa rangi na ukubwa wa kioo, tunapelekewa nyumbani, ndipo tunauliza ndani mna chipu gani. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Kadi si inabadilishwa?" fundi anauliza. "Parafujo moja, nyaya mbili za antena, natoa hii naweka nyingine."

Kwenye X270 inawezekana, maana kadi imekaa kwenye nafasi yake. Kwenye laptopu nyingi nyembamba za siku hizi chipu ya waifai imelehemiwa kwenye mazabodi. Hata zamani ilipochomoleka, kulikuwa na mitego: ThinkPad za enzi za X200 hadi X230 zilikuwa na orodha ya kadi zilizoruhusiwa ndani ya BIOS, na ukiweka isiyomo mashine hukataa kuwaka, ikisimama kwenye kosa namba 1802. Fundi anaikumbuka namba hiyo. Kuna mafundi waliojifunza kubadilisha BIOS nzima kwa sababu yake.

Anajaribu njia nyingine. "Draiva ya Windows ipo, imekamilika. Kwa nini huu mfumo usiichukue hiyo hiyo ukaitumia?"

"Wameshajaribu," mwalimu anasema, na macho yake yanaonyesha kwamba hapa ndipo anapopapenda. Miaka ya mwanzo ya 2000 Bill Paul aliandika kwa ajili ya FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa BSD, safu ya kuidanganya draiva ya Windows XP ijione iko nyumbani. Aliuita mradi huo Project Evil, yaani mradi wa uovu, na kwa kadi nyingi ulifanya kazi. Draiva za Windows zikabadilika, walioutunza wakapungua, na FreeBSD ikauondoa kabla ya toleo la 14. Siku hizi wapo watumiaji wa FreeBSD wenye kadi ngumu wanaotumia wifibox: ndani ya laptopu huwashwa mashine pepe ndogo yenye Linux, inakabidhiwa kadi ya waifai peke yake, na FreeBSD hupata mtandao kutoka kwa mgeni huyo. Njia ni ndefu, lakini imewapa watu kasi ambayo mfumo wao ulikuwa haujaifikia. Mwaka 2024 FreeBSD Foundation, pamoja na kampuni ya Quantum Leap Research, walitangaza dola 750,000 kwa ajili ya kuziba mapengo ya laptopu, waifai ikiwa mojawapo.

Kisha mwalimu anamrudia binti. "Hii iwm yako unajua imetoka wapi?"

Anajua kidogo, si yote. Intel iliandika draiva ya Linux iitwayo iwlwifi na kuitoa kwa leseni mbili: ya GPL, au ya BSD, mchukuaji achague. Kwa msingi wa msimbo huo Antti Kantee aliandika iwm, ikaingia OpenBSD toleo la 5.7 mwaka 2015. Kutoka hapo ikachukuliwa na NetBSD na FreeBSD. Haiku, mfumo mdogo zaidi uliozaliwa mwaka 2001 kuuendeleza BeOS baada ya kampuni yake kuuzwa, ulipotoa beta 4 mwezi Desemba 2022 ulikuja na draiva za Intel zilizotoka OpenBSD. Msimbo mmoja, uliofunguliwa mara moja na mtengenezaji, umelisha mifumo minne ambayo mtengenezaji hakuwahi kuikusudia. Kampuni hiyo hiyo inayolalamikiwa kwa famwea ndiyo iliyotoa draiva, na haki ni kusema yote mawili.

"Kwa hiyo huyo wa printa yangu naye akitoa karatasi," mama anasema polepole, "hata huo mfumo wenye watu wa kujaza kikombe utachapa?"

"Ndivyo, mama."

Maneno yametosha; laptopu bado haina mtandao. Tundu la kebo lipo ubavuni, em0 iko tayari, ila kibanda hakina kebo ya intaneti. Fundi anapendekeza wapakue faili kwa kompyuta yake, walinakili kwenye flashi, kisha fw_update ipewe faili hilo mkononi. Ingefaa. Binti ana njia fupi zaidi. Anatoa simu yake ya Android, anaichomeka kwa waya wa kuchajia, na kwenye mipangilio anawasha kushiriki intaneti kwa USB. Kwenye kioo mstari mpya unatokea: urndis0. Simu imegeuka kadi ya mtandao, na draiva yake ilikuwa humo tangu mwanzo.

Anaandika ifconfig urndis0 inet autoconf. Anasubiri kidogo. Anaandika fw_update. Mfumo unajipekua wenyewe kuona vifaa vinavyodai famwea, unataja vinne: intel, inteldrm, iwm na uvideo, yaani prosesa, picha, waifai na kamera. Bando la simu linaliwa kidogo. Fundi ameinama hadi paji la uso linakaribia kugusa kioo.

"Usiizime," binti anasema fundi anapopeleka mkono kwenye kitufe. "Haihitaji kuwashwa upya." Anaandika ifconfig iwm0 up. Safari hii hakuna mstari wa kosa. Anaandika ifconfig iwm0 scan, na majina ya mitandao ya mtaa mzima yanashuka: ya duka la simu, ya mgahawa, ya duka la mama, na mengine ambayo hakuna aliyejua kuwa yapo.

"Wa kwangu huo!" mama anasema.

Fundi hasemi neno. Anakifunga kioo cha laptopu, kwa kuwa uzoefu wake unamwambia mfumo mgeni huanguka hapo: unalala ukashindwa kuamka. Nukta nyekundu ndani ya jina la ThinkPad, juu ya kifuniko, inaanza kufifia na kuwaka, kufifia na kuwaka. Anangoja. Anafungua. Kioo kinarudi, na baada ya muda mfupi waifai nayo inarudi. Anafunga tena, anafungua tena.

Binti anatuma dmesg yake kwa mradi, kama waandishi wa OpenBSD wanavyowaomba watumiaji wote, ili ijulikane mashine ipi inafanya kazi na ipi ina mstari unaoishia na not configured. Mwalimu anaomba namba za printa ya mama. Mama anaondoka kwenda kuzisoma kwenye kibati cha nyuma. Fundi anavuta kutoka kwenye rafu laptopu tatu za mitumba zinazongoja wateja, anachana kipande cha tepu ya karatasi, anakibandika chini ya ile ya kwanza, na kuchukua kalamu.

"Nisomee," anamwambia binti. "VEN kwanza, halafu DEV."